Namba ya rangi ya gari haionekani, haisomeki, au imesomeka na rangi bado inakataa

Nachanganya rangi za magari hapa Ilala, Dar es Salaam, na simu ninayopokea kuliko zote inaanza hivi: "Kaka nipimie nusu lita ya silva ya IST." Namuuliza silva namba ngapi, yani ile namba ya rangi ambayo kiwanda kimeiandika kwenye gari, ananijibu silva ya kawaida. Jamani hakuna silva ya kawaida. Toyota peke yake kuna 199, kuna 1C0, kuna 1D4, kuna 1F7, zote kwa mbali ni silva na zote kwenye kadi ya gari zimeandikwa Silver tu, lakini pulizia 1C0 kwenye fenda ya gari lenye 1F7 alafu litoe juani uone, mlango unakuwa gari moja na fenda gari lingine, na pesa ya fundi ishaenda. Kwa hiyo nimeona niandike yote ninayowaelekeza watu kwenye simu kila siku, kwa kufuata tatizo ulilonalo. Kama la kwako ni la chini huko, ruka, nenda moja kwa moja.

Tatizo: sioni namba popote

Mara nyingi namba ipo ila unaitafuta pasipo pake, maana kila kampuni ina sehemu yake ya kuiweka. Toyota zilizotoka Japani, fungua boneti, simama mbele ya gari, angalia ule ukuta wa bati nyuma ya injini unaotenganisha injini na dashibodi. Kuna kibati cha aluminiamu, kidogo, hakifiki ukubwa wa kiganja, na kwenye gari lililokaa mjini miaka kumi kinakuwa kimefunikwa na vumbi lililochanganyika na oili mpaka kinafanana na ukuta wenyewe, kwa hiyo pitisha kidole, kidole ndio kitakigundua kabla ya macho. Matoleo ya karibuni wamekihamishia kwenye nguzo ya mlango wa mbele, ile nguzo inayopokea kitasa mlango ukifungwa. Fungua milango yote miwili ya mbele, kulia na kushoto, maana watu wanaangalia upande wa dereva tu wanakata tamaa. Na inama, wakati mwingine kiko chini kabisa karibu na sakafu.

Nissan, Mitsubishi na Suzuki zilizotoka Japani anzia kwenye injini pia. Subaru angalia pale juu shokapu ya mbele inapofungwa na bodi. Honda ni stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva, Mazda nayo nyingi ni mlangoni, ukikosa rudi kwenye ukuta wa injini. Volkswagen na Audi ndio zinawasumbua watu kweli, kwa sababu unatafuta kibati na wao wanatumia karatasi nyeupe yenye namba nyingi za ajabu ajabu, imebandikwa kwenye buti, inua zulia, toa tairi la spea, angalia kwenye bati la chini. Karatasi kama hiyohiyo inakuwa pia kwenye kile kitabu cha sevisi kama gari lilikuja nacho. Mercedes za zamani ni kwenye ile bati inayopita juu ya rejeta, za karibuni nguzo ya mlango. BMW ni chini ya boneti karibu na shokapu au nguzo ya mlango.

Kitu kimoja usikitegemee ni kadi ya gari. Kadi inakupa jina la rangi, na jina halichanganyi rangi.

Tatizo: kibati nimekiona ila sijui namba ni ipi

Kibati cha Toyota kina MODEL, ENGINE, FRAME No., kuna COLOR na TRIM, alafu PLANT na TRANS/AXLE. Unayoitaka iko chini ya COLOR, herufi au tarakimu tatu tu. Inayofuata pembeni yake, yenye herufi zaidi, mfano FB12, hiyo ni TRIM, yani rangi ya viti na vitambaa vya ndani. Watu wananitumia hiyo ya viti kila wiki, naiingiza kwenye kompyuta haileti kitu, wanafikiri mashine yangu mbovu. Kwenye stika zingine wameandika C/TR alafu namba mbili zimetenganishwa na mkwaju (/), ya kabla ya mkwaju ndio ya rangi ya nje. Kwenye Nissan kama maandishi ni ya Kijapani tafuta neno カラー, lina umbo la herufi mbili na mstari mmoja mrefu kama dashi, ndio "rangi" hiyo, na mfano wa namba zao ni KH3 ambayo ni nyeusi, QM1 nyeupe, QX1 nyeupe ya lulu, K23 silva.

Honda namba zao zina dashi na mara nyingi herufi mwishoni, NH-578 nyeupe, NH-700M silva, NH-731P nyeusi. Usiache ile herufi ya mwisho ukinitajia, M inamaanisha metaliki, yani yenye vichembe vya aluminiamu, na P inamaanisha lulu, yani yenye mng'ao kama wa lulu, na ndio inaniambia nichanganye kitu cha aina gani. Volkswagen ni kama LB9A nyeupe, LC9Z nyeusi, LA7W silva, na ile L ya mwanzo wengine hawaitaji, ukisikia A7W ni ileile.

Alafu kuna sifuri na O. Kwenye Toyota 1C0 ile ya mwisho ni sifuri. Nane na B nazo zinachanganya kwenye kibati kilichochakaa, kwa hiyo usinisomee kwenye simu, piga picha kibati kizima unitumie, kizima sio ile sehemu ya rangi peke yake, nina sababu nitaisema chini.

Na ukitaja namba taja na kampuni. 040 ya Toyota ni nyeupe, ile nyeupe tupu unayoiona barabarani kila siku. 040 ya Mercedes ni nyeusi. Namba ileile. Kijana alishawahi kutumwa dukani na karatasi imeandikwa 040 tu, akapimiwa nyeupe, karudi nayo gereji kwenye Mercedes nyeusi, lita nzima hiyo, na rangi ikishachanganywa hairudi kwenye makopo yake.

Tatizo: kibati kipo lakini hakisomeki

Hapa naomba sana, weka tina, ile ya kuzimulia rangi, mbali. Kibati cha aluminiamu kilichogongwa herufi kinaweza kuvumilia, lakini stika ya Honda au ya Mazda maandishi yake yamechapwa juu juu, ukipitisha kitambaa chenye tina ni mara moja yameondoka na hayarudi. Nimeona hilo kwa macho yangu gereji moja, fundi alikuwa na nia njema kabisa anataka kusafisha ili asome vizuri, kafuta mara moja, kabaki ameshika kitambaa cheusi na stika nyeupe peee. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa laini, pole pole, alafu subiri ikauke ndio usome, ikiwa mbichi inang'aa huoni kitu.

Kama kibati kimepulizwa rangi juu, na hili ni kawaida kwa gari lililopigwa rangi mpaka kwenye injini, usikimbilie kukwangua. Washa tochi ya simu uiweke pembeni kabisa, mwanga upite kwa ubavu sio kwa mbele, herufi zilizogongwa zitatoa vivuli vyake. Ikishindikana weka karatasi nyembamba juu ya kibati, chukua penseli uilaze ubavu ukwaruze taratibu kama tulivyokuwa tunafanya na sarafu shuleni, herufi zinajichora zenyewe. Hiyo ya penseli imenisaidia kwenye Carina moja ambayo kibati kilikuwa na tabaka tatu za rangi juu yake.

Tatizo: kibati hakipo kabisa

Kimekatika, kimeng'olewa, gari liligongwa mbele ukuta ukanyooshwa, sababu ni nyingi. Njia bado zipo.

Ya kwanza ni chesesi namba. Gari la Japani halina ile VIN, yani namba ya utambulisho wa gari, ya tarakimu na herufi 17, lina namba fupi kama NCP61 alafu dashi alafu tarakimu. Ndio maana ukiingiza kwenye zile tovuti za kusoma VIN zinakukatalia, sio kwamba gari lako ni feki. Tafuta katalogi za spea za mtandaoni za magari ya Kijapani, zinapokea hiyo namba fupi, na nyingi zikilipata gari zinakuonyesha mwezi lilipotengenezwa, namba ya rangi ya nje na namba ya rangi ya ndani. Hata hiyo VIN ya 17 yenyewe haina rangi ndani yake, kinachofanyika ni kwamba kampuni iliyotengeneza gari inatunza kumbukumbu na katalogi inazisoma, kwa hiyo tovuti ikikutafsiria VIN bila kuwa na hizo kumbukumbu itakupa injini na nchi, rangi haitakupa.

Ya pili, kama gari uliagiza mwenyewe au unamjua aliyeagiza, ile karatasi ya mnada ya Japani. Ina sehemu ya rangi na mara nyingi wameandika na namba yake. Karatasi hiyo itunze kama cheti, ina faida nyingine nitaisema sasa hivi.

Ya tatu, fungua kifuniko cha tangi la mafuta uniletee. Hicho kidogo cha nje. Kinatoka kirahisi, kinabebeka, na kina rangi ya gari lenyewe. Hapo napima kwa ile kamera ya rangi, inasoma na kuleta fomula zilizo karibu. Lakini kabla hujakileta kipolishi kwanza mpaka king'ae, kamera inapima inachokiona, ukiniletea kimepauka na vumbi nitakuchanganyia rangi ya vumbi. Na uwe na uhakika kifuniko chenyewe hakijawahi kubadilishwa, maana vifuniko vinaibiwa na vinanunuliwa kwenye spea za mtaa wa Gerezani kila siku.

Tatizo: kibati kinasema rangi nyingine, gari ni rangi nyingine

Hapa tulia. Kuna sababu mbili na moja ni nyepesi, nyingine sio nyepesi hata kidogo.

Nyepesi ni kwamba gari lilibadilishwa rangi. Hakikisha kwa kuangalia sehemu ambazo mpuliza rangi huwa anaziruka: ng'oa mpira wa mlango kidogo, angalia bati chini yake. Inua zulia la buti. Angalia nyuma ya bawaba za boneti, na ukuta wa injini wenyewe pembeni ya kibati. Ukikuta chini ya mpira kuna kijani na nje ni nyeusi na kibati kinasema kijani, basi jibu umelipata, kibati kinasema ukweli wa kiwandani. Kwenye karatasi ya mnada Wajapani wanaliandika hilo wazi, 色替, maana yake rangi imebadilishwa, na wanaandika na rangi ya mwanzo. Sasa kwa gari kama hilo namba ya kibati haikusaidii kwa rangi ya nje iliyopo, aliyepaka alitumia namba nyingine ambayo pengine hata yeye haikumbuki, kwa hiyo hapo ni kifuniko cha tangi na kamera tu. Na kama wewe mwenyewe ndio unabadilisha rangi, nenda kabadilishe na kwenye kadi, usisubiri trafiki akuulize kwa nini kadi inasema Blue na yeye anaona nyeupe.

Ambayo sio nyepesi: kibati sio cha gari hilo. Ndio maana nilisema nitumie picha ya kibati kizima. Linganisha FRAME No. ya kwenye kibati na chesesi namba iliyogongwa kwenye bodi, alafu zote mbili na kadi. Wakati mwingine ni maelezo ya kawaida, gari liligongwa likawekewa nozikati, yani sehemu nzima ya mbele iliyokatwa, ya gari lingine na kibati kikaja nayo. Lakini kama unanunua gari na namba hizo hazikubaliani na muuzaji hana maelezo wala karatasi, acha mambo ya rangi kwanza, hilo sio suala la fundi rangi tena, peleka gari likakaguliwe polisi kabla hujatoa hata shilingi. Mimi namba zisipokubaliana nauliza, siwezi kunyamaza.

Tatizo: namba ni sahihi kabisa na rangi imetoka tofauti

Hapa ndio ugomvi wa mafundi, wateja na sisi tunaochanganya ulipo, na mara nyingi hakuna aliyedanganya. Namba ya rangi inakuambia kiwanda kilikusudia nini siku ile. Haijui gari limeshinda juani Mbagala miaka mingapi.

Anza na jua. Nyekundu inapauka kuliko zote, silva inapauka kidogo, nyeupe inakuwa ya njano kwa mbali. Kwa hiyo rangi mpya ya namba sahihi pembeni ya rangi ya miaka 15 lazima zionane. Polishi ile ya zamani kwanza ndio ulinganishe, nusu ya malalamiko ninayoletewa yanaishia hapo.

Pili, namba moja inakuwa na matoleo. Ukiingiza 1F7 kwenye kompyuta haileti fomula moja, inaleta ya kawaida na zingine zilizo na wekundu zaidi, au kijani zaidi, au chembe kubwa zaidi, kwa sababu rangi ileile imepulizwa viwanda tofauti na miaka tofauti. Duka linalokupimia la kwanza kwenye orodha bila kuangalia kadi za sampuli linabahatisha. Waambie wakuonyeshe kadi, uzishike pembeni ya gari, nje, kivulini na juani. Usichague rangi chini ya taa ya dukani, ile taa inadanganya.

Tatu ni mkono wa fundi. Metaliki ina vichembe vidogo vya aluminiamu, na vinalala kutegemea ulivyopuliza. Ukipuliza kavu, upepo mwingi na mbali, rangi inatoka nyeupe zaidi. Ukipuliza mbichi na karibu, vichembe vinazama, inatoka nyeusi zaidi. Kopo lilelile, mafundi wawili, silva mbili! Na kopo lisipokorogwa mpaka chini ndio kabisa, vichembe vinabaki vimekaa kwenye kitako cha kopo na wewe umepuliza maji ya juu.

Dawa yake ni moja na haina gharama: puliza kwanza kwenye kipande cha bati, kipigwe praima, ile rangi ya msingi, ileile utakayotumia kwenye gari, tabaka zilezile, alafu klia juu, lile tabaka la mwisho lisilo na rangi linalong'arisha, maana rangi kabla ya klia inadanganya. Kiache kikauke. Kiweke kwenye gari, litoe nje, zunguka, angalia kwa mbele alafu angalia kwa ubavu ukiwa umeinama. Silva nyingi zinakubali kwa mbele na kukataa kwa ubavu. Kikikubali pande zote ndio uguse gari. Fundi anayekuambia hana muda wa kipande cha bati ana muda wa kurudia mlango mzima? Na hata kikikubali, usikate rangi pale ukingo wa paneli unapoishia, isambaze kidogo kidogo kuingia kwenye paneli ya pembeni alafu klia ipigwe paneli zote mbili nzima, jicho halipati mahali pa kulinganishia.

Bampa ni plastiki na kiwandani mara nyingi linapakwa peke yake, kwa hiyo hata gari jipya bampa na fenda zinaweza kupishana kidogo. Ukiliona hilo kabla ya kazi mwonyeshe mwenye gari kabla, sio baada.

Tatizo: ni nyeupe lakini jioni inaonekana viraka

Hii naipa nafasi yake kwa sababu inawaumiza watu wa Harrier, Alphard na Crown. Kibati kinasema 070, au 062 kwa za zamani, au 089 kwa za karibuni. Hizo ni nyeupe za lulu. Zinapakwa hatua tatu: nyeupe ya chini, alafu tabaka la lulu ambalo linapitisha mwanga, alafu klia. Fundi anaona nyeupe, anapiga 040, saa sita mchana inakaribiana, jua likiinama saa kumi na moja lulu inawaka na pale alipopiga panabaki kama chokaa. Hapo hakuna polishi itakayokusaidia, panarudiwa. Na ukinunua 070 lazima uondoke na makopo mawili ya rangi, la chini na la lulu, mbali na klia, ukipewa moja uliza. Idadi ya tabaka za lulu nayo inabadilisha rangi, mbili na nne sio sawa, kwa hiyo vile vipande vya bati vifanye vitatu: kimoja tabaka mbili, kingine tatu, kingine nne, uone gari linafanana na kipi.

Nyeusi nayo ni hivyohivyo. 202 ya Toyota ni nyeusi tupu, 209 ina vichembe, 218 ina vichembe vidogo sana. Usiku washa tochi ya simu uisogeze karibu na bodi, kama unaona nyota ndogo ndogo ndani ya weusi sio 202.

Tatizo: gari lina rangi mbili na kibati kina namba moja

Prado na Surf za miaka ya 90, juu rangi moja na chini nyingine. Namba hiyo moja ni ya muunganiko, ndani yake kuna namba mbili, na kompyuta ya rangi au katalogi inazifungua. Ukimwambia muuzaji hiyo namba sema na sehemu unayopaka, juu au chini.

Tatizo: nilipaka mwaka jana, kopo lilibaki, sasa haifanani

Kopo lililofunguliwa linaingiza hewa, tina inaruka, rangi inakuwa nzito na fundi anaongeza tina kwa makadirio. Usilitumie kwenye paneli kubwa, labda kwa kuzibia mkwaruzo wa funguo. Lakini kopo usilitupe, kuna karatasi imebandikwa pembeni yenye namba ya rangi, toleo, na gramu za kila rangi iliyoingia humo ndani. Ibandue au ipige picha kabla tone la rangi halijaifunika, niletee hiyo, nitakuchanganyia kopo jipya kwa fomula ileile bila hata kuliona gari.